Mhariri, huo wa kisiginoni ni kikwaru, siyo kalsiamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi na hii yangu ni ndefu, mnisamehe, ila jambo lenyewe limenikaa rohoni toka niliposoma ile makala yenu ya afya kuhusu maumivu ya kisigino. Makala ilikua nzuri kwa sehemu kubwa, yale mazoezi ya kunyoosha unyayo ni ya kweli na ushauri wa viatu nao uko sawa kabisa, lakini mwandishi kaandika "kalkaniali spa", yani ule mfupa mdogo wenye ncha unaoota chini ya kisigino, toka juu mpaka chini bila kusema hata mara moja hicho kitu ni nini kwa Kiswahili, halafu mwishoni akamalizia kwamba jina hilo limetokana na kalsiamu iliyojazana mguuni. Hapo nikaweka gazeti chini. Siyo kweli Mhariri, jina hilo halina undugu na kalsiamu, na kosa hili hili limemsumbua mama yangu mzazi miezi mitatu mizima, kwa hiyo mtanielewa nikiandika kwa uchungu.

Mama ana miaka 71, tunaishi wote hapa Muheza. Alianza kulalamika kisigino cha kulia mwaka jana wakati wa masika. Asubuhi akishuka kitandani ile hatua ya kwanza tu anashika ukuta, anasema ni kama kakanyaga msumari, akitembea tembea kidogo maumivu yanalegea, akikaa muda mrefu halafu ainuke yanarudi upya. Mimi wakati huo nilikua Dodoma nauguza, mdogo wangu ndo akampeleka akapigwa eksrei, wakapewa na karatasi ya majibu, yote Kiingereza, na mstari wa mwisho umeandikwa ana spa kwenye kalkaniasi. Dokta alikua na foleni mpaka nje, akawaeleza dakika mbili, akaandika dawa ya maumivu, wakaondoka. Duka la dawa walikopita kijana aliyekua zamu kasoma ile karatasi, akaona neno linaanza na kalka, akasema mama mifupa yako imepungukiwa kalsiamu, akawauzia chupa mbili za vidonge, hela ya kuku wawili iliishia pale. Mama kameza mwezi mzima, kisigino kiko vile vile. Akaja jirani, ana binti anasomea mambo ya afya, nao wakasoma karatasi ile ile, neno lile lile, wakasema hapana mama, hii ni kalsiamu imezidi, acha maziwa, acha dagaa. Mama akaacha. Mtu wa miaka 71 anaacha maziwa na dagaa miezi miwili, wakati kwa umri huo ndo vitu vyenyewe anavyovihitaji.

Yani neno moja, huyu kasema imepungua, yule kasema imezidi, na hakuna hata mmoja aliyekua na nia mbaya, wote wamepotezwa na sauti ya neno.

Niliporudi nikasoma karatasi. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 27 kabla sijastaafu, kwa hiyo neno lenyewe nalijua, lakini nilijua pia kwamba nikikaa kitako nikamweleza mama habari za kalkaniasi nitakua namwongezea giza tu. Nikamwambia mama twende bandani.

Nina kuku wa kienyeji kama 40 hivi na jogoo mmoja wa kuchi, mrefu, shingo wazi, miguu minene ya njano, sasa anaingia mwaka wa nne. Nikamkamata nikamweka kwapani nikamgeuzia mama ile miguu nikamwambia shika hapa. Akashika kikwaru. Kwa jogoo wangu kinakaribia urefu wa kidole changu cha mwisho, kimeota upande wa ndani wa mguu kwa nyuma, juu kidogo ya kile kidole cha nyuma, kimepinda kidogo kwenda juu na ncha yake inachoma kweli. Ukikipapasa nje ni kigumu kama ukucha au pembe ya mbuzi, lakini ndani yake kuna mfupa mzima wenye uhai, umeungana na mfupa wa mguu. Hilo nalijua kwa mikono yangu, maana mwaka juzi alikua anawachana mitetea mgongoni akiwapanda, nikamvua magamba ya vikwaru kwa kiazi. Wafugaji wengi wanaijua hii, unachemsha kiazi mbatata mpaka kiive, unakichomeka kwenye kikwaru kikiwa bado cha moto, unakua mwangalifu kisiguse ngozi ya mguu, unasubiri dakika kadhaa, halafu unashika na koleo unazungusha taratibu, lile gamba linatoka lote kama kofia, na ndani kinabaki kidubwana kilaini cha rangi ya waridi kinachotoa damu kidogo. Huo ndo mfupa wenyewe, na baada ya siku chache unakauka na kuanza kujenga gamba lingine. Jogoo mchanga hana zaidi ya kinundu kama punje ya hindi, kinakua kila mwaka, ndo maana mnunuzi anayejua kazi yake sokoni humdanganyi umri wa jogoo, anainama anaangalia vikwaru kwanza kabla hajauliza bei.

Mama akakaa na ule mguu mkononi akasema, "Kumbe mwanangu mimi nimeota kikwaru." Nikamwambia ndiyo mama, umeota kikwaru chini ya kisigino, ndivyo karatasi inavyosema, na haijasema kitu kingine chochote.

Sasa Mhariri nieleze hilo neno limetoka wapi, maana hapa ndo penye kiini cha barua yangu. Warumi walikua na neno calcar, wakiwa na mengi wanasema calcaria. Ni kile chuma chenye ncha ambacho mpanda farasi anajifunga kisiginoni ili amchome farasi ubavuni akaze mwendo. Kwa vile kinafungwa kisiginoni kikapewa jina la kisigino, maana kisigino kwao ni calx, na hapo hapo kile cha jogoo nacho wakakiita calcar. Mfupa wa kisigino ukaitwa calcaneus, mtoto wa calx huyo huyo. Kwa hiyo "kalkaniali spa" ukiivua koti lake la kigeni ni kikwaru cha mfupa wa kisigino, imeisha, wala hakuna siri nyingine ndani.

Kalsiamu inaingiaje? Inaingia kwa bahati mbaya tu. Kilatini kilikua na calx nyingine, hiyo maana yake ni chokaa, na Humphry Davy wa Uingereza alipoyatenga yale madini kutoka kwenye chokaa mwaka 1808 akayaita kalsiamu. Ni maneno mawili yamefanana sura lakini kila moja na maana yake, kama paa la nyumba na paa wa porini. Hakuna mtu anayemtafuta paa wa porini juu ya nyumba, lakini kwenye hili la kisigino watu wetu wanafanya hivyo kila siku kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ni kweli kikwaru cha kisigino kina kalsiamu ndani yake kwa vile ni mfupa na mfupa wowote unayo, lakini hakijaota kwa kunywa maziwa wala hakitayeyuka kwa kuyaacha. Kinaota pole pole upande wa chini wa kisigino kikielekea vidoleni, pale ambapo ule ukanda mgumu wa unyayo na nyama fupi za mguu vinashikilia mfupa na kuvuta miaka nenda rudi. Na watu wengi wanatembea nacho bila maumivu yoyote, wengine wana maumivu makali na eksrei haionyeshi kitu, kwa sababu kinachouma hasa mara nyingi ni ule ukanda wa unyayo uliochoka, siyo ncha ya mfupa. Mama alianza kunyoosha unyayo na kigimbi kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, anavuta vidole kwa kanga, akaacha zile kandambili nyembamba akapata viatu vyenye soli nene, na maziwa yake akarudishiwa. Sasa hivi anaenda sokoni na kurudi kwa miguu. Wengi wanapona hivyo hivyo ndani ya mwaka bila kisu.

Ninachowalalamikia siyo makala Mhariri, ni hii tabia ya kudhani kwamba neno la kitaalamu lazima lisieleweke. Wale waliotoa majina ya sehemu za mwili hawakua na lugha ya siri, walikua wanapasua mwili, wanakutana na kitu hakijawahi kuitwa, wanatazama vitu vya nyumbani kwao. Mfupa wa mbele wa mguu waliuita tibia kwa sababu unafanana na filimbi, ule mwembamba wa pembeni wakauita fibula yani pini ya kufungia nguo, pia ya goti wakaiita patella, kisahani. Ndani ya sikio wakaona nyundo, fuawe na kikuku cha tandiko la farasi, na vyote mpaka leo vina majina hayo hayo. Na sisi je, wazee wetu walifanya nini? Wametazama mfupa wa goti wakaona ule mchezo wa watoto wa kuzungusha kwa kamba, wakasema hii ni pia. Wameangalia kile kinyama kinachoning'inia kooni wakakiita kidakatonge, na mimi mpaka leo sijaona jina zuri kama hilo kwenye lugha yoyote niliyowahi kusoma, maana kwa neno moja umeambiwa kiko wapi na tonge linapita wapi. Uti wa mgongo, ngoma ya sikio, kifundo cha mguu. Ni akili ile ile kabisa. Halafu tunafika kwenye calcar, kitu ambacho tuna jina lake toka enzi na enzi, kikwaru, wengine wanaita kipi, na jogoo mwenyewe yuko uani anatembea nacho, tunaliacha tunaandika spa.

Kuna mahali pengine kwenye mwili ambapo hiki kikwaru kimekaa na wanafunzi wangu walikua wanashangaa sana nikiwaambia. Kiko ndani ya kichwa. Ubongo una vyumba ndani yake vyenye maji, na vile vyumba viwili vikubwa vya pembeni kila kimoja kina pembe inayoelekea kisogoni. Ukipasua pale unakuta ukuta wa ndani umevimba, umetokeza kigongo kirefu chenye kupinda na ncha, na aliyekiona akakumbuka mguu wa jogoo, kikaitwa calcar avis, kikwaru cha ndege. Baadaye wakakiita pia hipokampasi ndogo, na kwa jina hilo kikaleta ugomvi mkubwa Uingereza. Mwaka 1857 Richard Owen, ambaye wakati ule alikua bingwa wao wa mifupa na wanyama, alisema kigongo hicho pamoja na ile pembe ya nyuma na sehemu ya ubongo inayofunika ubongo mdogo vipo kwa binadamu peke yake, sokwe hana, na kwa sababu hiyo binadamu awekwe kwenye kundi lake mwenyewe mbali na wanyama wote. Thomas Huxley, mtaalamu mwenzake wa wanyama, akampinga kwenye mkutano wa Oxford mwaka 1860, na miaka iliyofuata yeye na wenzake wakapasua ubongo wa nyani na sokwe mmoja baada ya mwingine wakaonyesha mbele za watu kwamba kikwaru kipo. Walitukanana magazetini miaka miwili mitatu juu ya kigongo ambacho hata nusu ya kidole hakifiki unene. Kilikutwa kipo tu, kama Huxley alivyosema.

Na kile kigongo hakijaota bure. Nje yake, kwa nyuma ya ubongo upande wa ndani ambapo nusu mbili zinatazamana, kuna mfereji umezama sana mpaka umeusukuma ukuta wa chumba, ndo ukatokea huo uvimbe. Kwa ajili hiyo mfereji nao ukachukua jina, ukaitwa wa kalkarini, na mimi darasani nilikua naandika mfereji wa kikwaru. Kandokando ya mfereji huo ndipo unapoona. Macho yanapokea mwanga lakini picha inafika hapo. Mwaka 1776 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari pale Parma, Italia, anaitwa Francesco Gennari, alikua anakata ubongo ulioganda kwa barafu akaona mstari mweupe mwembamba ndani ya ile nyama ya kijivu, sehemu hiyo hasa, akauandika bila kujua kazi yake. Ule mstari ndo alama ya eneo la kuona, na unaonekana kwa macho matupu.

Jinsi ramani yake ilivyochorwa inaumiza kidogo. Wakati wa vita vya Urusi na Japani mwaka 1904 na 1905 askari walikua wanapigwa na risasi nyembamba zenye kasi kubwa, risasi inaingia upande huu wa kichwa inatokea ule na mtu anapona, ila anarudi nyumbani na sehemu ya kuona imepotea. Serikali ya Japani ikampa daktari wa macho, Tatsuji Inouye, kazi ya kuwapima ili walipwe kiinua mgongo kulingana na walichopoteza. Yeye akapima tundu la kuingilia na la kutokea, akakadiria risasi imepita wapi, akalinganisha na sehemu ambayo askari haoni, na mwaka 1909 akatoa ramani ya mfereji wa kikwaru. Ukingo wa juu unaona vya chini, ukingo wa chini unaona vya juu, upande wa kushoto unaona vya kulia na kulia vya kushoto, na kile unachokikazia macho katikati kimechukua eneo kubwa kule nyuma kabisa kwenye ncha ya kisogo. Nilikua nawachorea watoto ubaoni na kila mwaka kuna mmoja anauliza sasa babu yake aliyepata kiharusi na anagonga fremu ya mlango upande mmoja kila siku huku macho yake ni mazima, ni hii? Mara nyingi ni hii. Mshipa unaolisha sehemu hiyo ukiziba, macho hayana kosa lolote lakini nusu ya dunia imezimika, na familia inamnunulia miwani ambayo haimsaidii.

Neno hili halikukaa kwa binadamu tu. Popo wa wadudu, hawa wanaokaa kwenye dari za shule zetu, wana kikwaru kifundoni. Tulikua tunaokota aliyekufa asubuhi chini ya dari ya maabara, nawaambia watoto mnyoosheni mguu na mkia bila kumgusa kwa mikono mitupu, vaeni glavu, na hapo unakiona, ni kijiti chembamba cha gegedu kimetoka kwenye kisigino kinaelekea mkiani, kinashikilia ile ngozi ya katikati ya miguu itandazike kama tanga na foromali yake. Nacho ni calcar. Akikunja miguu ngozi inakua mfuko, na wapo wanaodakia wadudu humo humo wakiwa hewani.

Kwenye maua tena ndo utamu. Ukipanda Amani, huku huku kwetu Usambara, penye kivuli na unyevu kandokando ya njia utaona yale maua ya rangi ya waridi yenye petali tano bapa, nchi za wenzetu wanauziana kwenye vyungu kama pambo, kwa Kilatini ni Impatiens walleriana. Chuma moja uligeuze nyuma. Kuna kimkia chembamba kama uzi kimepinda, ndani yake ni bomba na chini kabisa kuna asali kidogo. Mimea yenye kimkia hicho ni mingi na wanabotania wanakiita calcar, na ukiona jina la mmea au mdudu linaishia na calcaratus au calcarata ujue aliyelitoa aliona kikwaru mahali. Kule Madagaska kuna okidi nyeupe ambayo kikwaru chake kinafika karibu sentimita 30. Charles Darwin alitumiwa ua hilo mwaka 1862 akasema lazima huko kuna nondo mwenye ulimi mrefu hivyo, watu wengine wakaona amezidisha, na mwaka 1903, yeye ameshakufa miaka 21, nondo akaandikwa rasmi, ulimi wake ukikunjuliwa unafika kule chini.

Hata ndege. Huko kaskazini mwa dunia kuna vijindege vidogo vya barafuni jinsi yao inaitwa Calcarius kwa sababu ukucha wa nyuma ni mrefu kupita kiasi. Na dudumizi wetu, huyu anayelia kama maji yanamiminwa chupani na wazee wanasema anaita mvua, jina lake la kisayansi ni Centropus, hapo wametumia Kigiriki lakini maana ni ile ile, mguu wenye kikwaru. Mtazame siku akitua kwenye ua, ukucha wa nyuma umenyooka kama sindano.

Niongeze na hili kwa wanaopenda historia maana wanafunzi wanalichanganya. Yule mchoraji anayetajwa kwenye michoro ya mifupa ya Vesalius, daktari wa zamani aliyeandika kitabu maarufu cha sehemu za mwili, Jan van Calcar, jina lake halihusiani na kikwaru hata kidogo, ni mji aliotoka, Kalkar, uko Ujerumani. Na madaktari wa mifupa wakikwambia habari ya calcar kwenye nyonga wanamaanisha ule ubapa mgumu wa mfupa ulio ndani ya sehemu ya juu ya paja, unaobeba uzito wa mwili, wanauangalia sana mzee akivunjika nyonga au akiwekewa nyonga ya bandia. Usichanganye huo na wa kisigino.

Najua kuna watakaosema kikwaru ni neno la bandani, haliwezi kukaa kwenye karatasi ya hospitali. Nimeshaambiwa hivyo na mwalimu mwenzangu tena mtu ninayemheshimu. Lakini calcar yenyewe imetoka wapi kama siyo zizi la farasi na banda la kuku? Mwaka 1895 wataalamu wa mwili walipokutana Basel, Uswisi, kusafisha majina, walikuta majina kama 50,000 wakayapunguza yakabaki 5,000 hivi, na katika mchujo wote huo kikwaru cha ndege kilibaki, hawakuona aibu. Mrumi alikua anasoma neno la kwake la kila siku. Cicero, yule msemaji mkubwa wa Kirumi, anasimulia kwamba mwalimu wa Kigiriki Isocrates alisema mwanafunzi wake Ephorus anahitaji calcar na Theopompus anahitaji hatamu, yani mmoja mzito wa kuchomwa asogee na mwingine wa kuvutwa apunguze, na kila aliyemsikia alielewa papo hapo bila kamusi. Mimi nimefundisha watoto wa aina zote mbili. Wa tatu ambaye sikumpatia dawa ni yule mwenye akili kabisa anayenyamaza kwa sababu kila neno la somo limemjia likiwa limevaa nguo za kigeni, anadhani hajui kumbe anajua toka akiwa mdogo, kashika miguu ya majogoo wangapi huyo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkirudia makala ya kisigino, andikeni kikwaru cha kisigino, jina la Kilatini liwekeni mara moja tu ili mgonjwa alitambue kwenye karatasi yake ya majibu, na ile sentensi ya kalsiamu muisahihishe kwenye gazeti, siyo kimya kimya, maana kuna mtu mahali kaisoma ameshaacha maziwa. Kama mna nafasi wekeni na picha mbili pembeni kwa pembeni, eksrei ya kisigino na mguu wa jogoo. Picha ya jogoo naweza kuwatumia, mama ameshasema atamshika yeye mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga